Ua Uliofagiliwa na Ua Lisilozaa



Katika somo la toleo hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo lililo mlangoni pa kila mmoja wetu. Kiswahili kina maneno mawili yanayosikika sawasawa. Kuna ua wa nyumba, ambao wingi wake ni nyua. Na kuna ua la mmea, ambalo wingi wake ni maua. Tulipokuwa tukifundisha sarufi tuliwaonya wanafunzi wasiyachanganye maneno hayo. Leo twataka kuyaweka pamoja kwa makusudi, maana tumejifunza uzeeni kwamba ua wa nyumba ukitunzwa vibaya, ua la mmea halizai.

Tukiri mapema kwamba hili ni somo la mwalimu anayesahihisha kosa lake mwenyewe.

1. KOSA LETU

Kwa zaidi ya miaka thelathini tulifundisha, kwanza katika shule za msingi, kisha katika chuo cha ualimu. Kila Ijumaa palikuwa na ukaguzi wa mazingira. Alama za juu walipewa wale waliofagia mpaka udongo ukabaki mtupu, wakapaka mawe chokaa, wakakata ukoka, wakapanda bogenvilia na mawaridi. Mmea wowote ulioota wenyewe tuliuita gugu, na gugu lilikuwa adui. Wanachuo wetu walikwenda kila pembe ya nchi wakafundisha vivyo hivyo. Hatukuwa wabaya, tulifundisha kama tulivyofundishwa.

Tulipostaafu tukarudi nyumbani huku chini ya milima ya Usambara, tukautengeneza ua wetu kama ule wa chuoni. Mpakani palikuwa na kichaka cha mikole na vivumbasi. Tukakifyeka. Nyuma ya jiko palikuwa na gogo la mwembe uliokufa zamani, limejaa matundu ya mviringo kama yaliyotobolewa kwa keekee. Nyuki weusi wakubwa, wale wavumao kwa sauti nzito, walikuwa wakiingia na kutoka humo. Tulihofu kwamba watahamia kwenye boriti za nyumba, basi tukalichoma moto. Wapita njia walitusifu. Walisema, "Huo ndio ua wa mwalimu."

Mwaka wa pili baada ya hapo alikuja jirani yetu mmoja, mama mjane anayesomesha wajukuu wawili kwa kuuza pesheni na maboga sokoni. Alikataa hata kukaa.

"Mwalimu," alisema, "pesheni zangu zinatoa maua, lakini hazishiki. Maboga yanafika ukubwa wa yai, yanageuka manjano, yanaanguka. Ada ya watoto nitaitoa wapi?"

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba ameambiwa kuna mkono wa mtu. Jina la mtu huyo lilikuwa limekwisha kutajwa. Ni mama mwenziwe, nao hukaa benchi moja kanisani. Walikuwa wameacha kusalimiana.

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba tu aturuhusu twende shambani kwake asubuhi chache zifuatazo.

2. JARIBIO LA MABOGA

Kila mwenye mboga shambani aweza kulifanya jaribio hili. Halihitaji fedha.

Mboga una maua ya namna mbili katika shina moja. Ua la kiume husimama juu ya kikonyo chembamba. Ua la kike lina uvimbe mdogo chini yake, mfano wa boga changa kabisa. Ndani ya ua la kiume mna unga wa manjano, ambao vitabu vya shule huuita chavua. Unga huo sharti ufike katikati ya ua la kike, ndipo boga lishike. Kitendo hicho ndicho uchavushaji. Unga wa mboga ni mzito na unanata, kwa hiyo upepo hauwezi kuubeba. Lazima achukuzi, na muda wake ni mfupi: ua hufunguka alfajiri na hunyauka kabla ya adhuhuri.

Tulikaa juu ya kigoda tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne. Tuliona siafu, tuliona nzi, lakini nyuki hatukumwona hata mmoja. Asubuhi ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Asubuhi ya tatu tulichagua maua sita ya kike yaliyofunguka siku hiyo. Tulichuma ua la kiume, tukaondoa majani yake ya rangi, tukausugua unga wake katikati ya maua matatu ya kike, tukayafunga uzi mwekundu ili tuyatambue. Mengine matatu tuliyaacha.

Baada ya siku nane, yale yenye uzi yalikuwa yamefikia ukubwa wa ngumi na yalikuwa mabichi, yana nguvu. Yale matatu mengine yalikuwa chini, yameoza.

Basi tulimweleza mama yule: shina ni lilelile, udongo ni uleule, mvua ni ileile. Kama ardhi ingekuwa imechoka, yote sita yangeanguka. Kama pangekuwa na uchawi, uzi mwekundu usingeuzuia. Kilichopungua ni mchukuzi wa unga. Na mkono wa mtu ulikuwapo kweli, lakini ulikuwa mkono wetu sisi, tuliofyeka kichaka na kuchoma gogo.

Ilikuwa vigumu kuyasema hayo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, basi itabidi nikamwombe radhi mwenzangu." Alikwenda jioni ileile.

3. NANI HUCHUKUA UNGA?

Tusidhani kwamba kila mmea hutegemea nyuki. Mahindi huchavushwa na upepo. Ndizi tunazokula hukua bila kuchavushwa. Muhogo tunaupanda kwa vipande vya shina. Mwenye kulima hivyo vitatu peke yake huenda asione tofauti. Lakini maboga, matikiti na matango bila nyuki hayazai sawasawa.

Pesheni ina shida yake ya pekee. Pesheni ya manjano, inayostahimili joto la huku bondeni, hufungua ua lake kama saa sita mchana. Tena aghalabu haikubali unga wa shina lake lenyewe. Sharti uletwe kutoka shina jingine. Sehemu zenye unga zimeinuka juu. Nyuki wa asali ni mdogo, hupita chini yake, akanywa utamu akaenda zake bila kugusa kitu. Nyuki mweusi mkubwa atoboaye mbao mgongo wake hufika juu, ukajipaka unga, akaupeleka kwenye ua jingine. Huyo ndiye tuliyemchoma katika gogo letu.

Nyanya, mbilingani na mnavu huufungia unga wao ndani ya vijiriba vyenye tundu dogo nchani. Nyuki wa namna fulani, akiwemo huyo mweusi, hulikumbatia ua na kuvuma kwa nguvu mpaka unga unamwagika kama chumvi kutoka kichupa. Nyuki wa asali hajui kazi hiyo. Mpapai huzurwa wakati wa magharibi na nondo wakubwa wenye mrija mrefu. Mbuyu hufungua maua yake jioni, na huku kwetu Afrika Mashariki popo walao matunda huyazuru usiku. Shubiri hupendwa na chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda.

Kwa hiyo tunaposema "nyuki" tusifikiri mzinga tu. Ulimwenguni wataalamu wamekwisha kutambua aina zaidi ya 20,000 za nyuki. Walio wengi hawana mzinga wala malkia wala asali ya kurina. Kila jike huishi peke yake. Huyu huchimba tundu ardhini, yule hukaa ndani ya bua lenye uwazi, mwingine katika mti mkavu. Kwa kuwa hawana akiba kubwa ya kulinda, ni nadra kumwuma mtu asiyewashika. Pia tunao nyuki wadogo sana wasiouma kabisa, ambao wazee wetu walipenda asali yao kwa dawa.

4. MGENI ASIYE NA MWENYEJI WAKE

Ukitaka kujua thamani ya mchukuzi wa unga, waulize wakulima wa vanila kule Kagera. Asili ya vanila ni Meksiko na nchi jirani zake. Ilipochukuliwa kwenda kupandwa nchi nyingine ilitambaa vizuri na kutoa maua, lakini haikuzaa, kwa sababu wadudu wa kwao hawakusafiri nayo. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa mwenye umri wa miaka 12, aliyeitwa Edmond Albius, alibuni njia nyepesi ya kulichavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo. Mkulima wa Kagera huamka asubuhi na kuligusa kila ua kwa mkono wake, moja moja, maana ua moja hudumu siku moja tu.

Mama jirani yetu naye alifanya hivyo msimu mzima: asubuhi kwenye maboga, mchana kwenye pesheni. Alipata mavuno, lakini alituambia mgongo unamwuma. Kazi hiyo nyuki huifanya bure. Wanachotuomba ni chakula na mahali pa kulala.

5. CHAKULA CHA MIEZI YOTE

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Maboga huchanua kwa majuma machache. Je, nyuki ale nini miezi iliyobaki? Akikosa, atakufa au atahama, na maboga yatakapochanua tena hatakuwapo.

Maua tuliyoyapenda chuoni hayamsaidii sana. Asili ya bogenvilia ni Amerika ya Kusini. Ile rangi tunayoisifu si ua bali ni majani. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati, wala nyuki hawalijali sana. Waridi lililojaa majani mengi ya rangi limepata uzuri huo kwa kupoteza sehemu zenye unga. Ni kama meza iliyotandikwa bila chakula. Hatusemi myang'oe. Twasema yasiwe peke yake.

Mimea ya asili imekaa na wadudu wa hapa tangu zamani mno. Wamezoeana kwa saa, kwa majira na kwa umbo. Wengi wetu tumeidharau kwa kuwa haikununuliwa. Mkumbuke kwamba mwaka 1892 ofisa mmoja wa serikali ya Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za kimea kidogo chenye maua ya zambarau kilichoota kwenye miamba yenye kivuli huku kwetu. Leo kimea hicho kimo madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na Wajerumani hukiita kwa jina la Usambara. Sisi tuliokizaliwa nacho tulikipita tu.

Katika ua wetu tumepanda hii ifuatayo:

(a) Kivumbasi. Hutoa maua muda mrefu na nyuki hawakosekani. Majani yake wengi wetu twayajua kwa kufukuza mbu.

(b) Mgagani na mnavu. Ni mboga zetu za asili. Chumeni majani, lakini acheni mashina machache yachanue na kutoa mbegu.

(c) Kunde. Ni zao la Afrika, nalo nyuki weusi wakubwa huyapenda maua yake.

(d) Mkole. Maua yake ni ya nyuki, matunda yake ni ya watoto na ndege.

(e) Mshubiri. Hauhitaji maji mengi, na mara nyingi huchanua wakati wa kiangazi, chakula kinapokuwa haba.

(f) Kwa walioko milimani: tughutu. Wakulima wa Usambara wameyatumia majani yake kurutubisha shamba, na maua yake huvutia nyuki wengi.

(g) Kwa wenye eneo kubwa: mbuyu au mwegea, ambao wengine huuita mvungunya. Huo ni wa wajukuu na wa popo.

6. NAMNA YA KUFANYA

Kwanza, tengeni ukanda mwembamba mpakani, mbali na mlango. Hatua moja kwa upana yatosha. Endeleeni kufagia mbele ya nyumba kama kawaida.

Pili, pandeni mwanzo wa masika au vuli. Mbegu za kivumbasi na mgagani zapatikana njiani. Machipukizi ya mshubiri ombeni kwa jirani. Msing'oe kitu katika msitu wa hifadhi. Panchi iliyotolewa msituni ni hasara ya wote, hata kama imepandwa kanisani.

Tatu, acheni kipande cha udongo kisichofagiliwa wala kulimwa, mahali penye jua, kwa ajili ya nyuki wachimbao.

Nne, wekeni gogo kavu penye kivuli, limeinuliwa juu ya mawe lisiliwe na mchwa. Nyuki weusi wakilipata gogo, hawana haja kubwa ya boriti. Boriti nazo zipakeni rangi.

Tano, wekeni maji katika sahani yenye vijiwe vya kutulia. Yamwageni kila baada ya siku mbili, ili mbu wasizaliane.

Sita, kuhusu dawa za wadudu. Kama hamna budi kupiga dawa, msiipige juu ya maua yaliyofunguka. Someni maelezo ya chupa, na kwa maboga ngojeni jioni, ua likiwa limekwisha kufunga. Na kama jirani ana mzinga, mwarifuni kwanza.

Wengine watauliza juu ya nyoka. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana tumesema ukanda uwe mbali na mlango, upaliliwe chini, wala pasirundikwe takataka zinazovutia panya, maana nyoka hufuata panya. Na anayetaka kufuga nyuki wa asali, mizinga yake iwe mbali na nyumba, njia na mifugo. Bustani tunayoieleza haihitaji mzinga.

7. TULIPOFIKIA

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yalibadilika kwa msimu mmoja. Masika ya kwanza tulipata vivumbasi tu, na mtoto mmoja mwenye nia njema akavikata akidhani anatusaidia. Masika ya pili nyuki wadogo walionekana kwenye maboga. Gogo letu jipya lilikaa kimya mwaka mzima na zaidi. Asubuhi moja tuliona unga wa mbao chini yake na tundu moja la mviringo. Tulimwita mama jirani. Tulisimama watatu, pamoja na yule mwenziwe aliyedhaniwa vibaya, tukilitazama tundu kama watu wanaomtazama mtoto mchanga.

Pesheni zake sasa zinashika zenyewe, si zote, lakini za kutosha kuuza. Amepanda mikole mpakani, na mwenziwe amepanda upande wa pili.

Limebaki jambo moja. Ua wa kanisa letu hufyekwa wote kabla ya kila sikukuu, mpaka ukuta. Twajua hivyo kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tukisimamia kazi hiyo kwa miaka mingi. Tunaliomba Baraza la Mtaa lituruhusu kuacha ukanda mmoja nyuma ya kanisa, upande wa kisima, usifyekwe. Tutaupalilia wenyewe. Katika Mwanzo sura ya 2 mwanadamu alipewa kazi mbili bustanini, kulima na kutunza. Ile ya kwanza tuliifundisha kwa bidii. Ya pili tuliisahau.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja mimea mitano iliyo katika ua wako. Ni mingapi iliyo ya asili ya hapa?

2. Kaa karibu na ua la mboga tangu alfajiri mpaka saa nne. Andika umeona wadudu gani, na wangapi.

3. Katika mwezi gani nyumbani kwako hakuna ua lolote lililochanua? Waweza kupanda nini kujaza mwezi huo?

4. Je, umewahi kumshuku mtu kwa hasara ya shambani kabla ya kutafuta sababu yake? Yafaa kufanya nini sasa?

5. Watoto wa shule ya Jumapili waonyeshwe ua la kiume na la kike la mboga, na walichavushe moja kwa mikono yao. Atakayeleta habari ya boga lake toleo lijalo tutafurahi kumsikia.